Mkalimani wa Montalvaro

Jumatano, 21 Agosti 1974. Kingsbury.

Ushindi! Nimechaguliwa mkalimani wa safari ya Italia. Gurmit kanuna mpaka ndevu zimesimama.

Niandike ilivyokuwa, maana mambo mazuri husahaulika upesi. Chama chetu cha Wazee wa Nakuru Waishio London kilikutana nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Shiraz. Safari ni ya basi, kutoka Kingsbury Road mpaka mji wa kale uitwao Montalvaro, ulio juu ya kilima. Kilele cha safari ni kuzungushwa mji mzima kwa kigari, mwenyeji akitueleza historia. Likaja swali. Mwenyeji atasema Kitaliano, sisi atatueleza nani? Gurmit akasema atanunua kamusi. Mimi nikasimama. Nikasema sihitaji kamusi. Nikasema wakati wa vita, mateka wa Kitaliano walipokuwa wakichonga ile barabara ya kushukia bondeni, marehemu baba aliwauzia sabuni na tumbaku, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikajifunza lugha yao miguuni pao.

Sabuni baba aliuza kweli. Mateka nao niliwaona kweli, kwa mbali, wakiwa juu ya lori. Mmoja alinipungia mkono. Hayo mengine nimeyaongeza kidogo tu.

Mzee Shiraz akauliza nitatafsiri kwa lugha gani. Swali gumu! Yeye ni Khoja, kwao Kikachi. Gurmit ni Singasinga, kwao Kipunjabi. Sisi wengine Kigujarati. Kiingereza cha akina mama kinatosha kununulia stempu. Tukakubaliana Kiswahili, kama siku zote. Katika kila tulichotoka nacho, hicho ndicho tunachomiliki pamoja.

Baada ya safari kuna uchaguzi wa katibu. Nikifanya vizuri, kiti changu. Nikiharibu, cha Gurmit. Watu wanaweza kucheka, lakini Nakuru nilikuwa Vijaybhai wa duka la pembeni, na mgeni akipotea mjini aliambiwa aende akamuulize Vijaybhai. Hapa nakagua zamu za madereva wa mabasi, Stratford. Miaka sita sasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza njia.

Shajara hii naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Indu ni mtu wa Jamnagar, kule Uhindini. Kwake Kiswahili ni kabati lenye kufuli.

Ijumaa, 23 Agosti.

Nimeazima maktaba sahani ya santuri ya kujifunzia Kitaliano. Imekwaruzwa. Hadi sasa nimeshika mambo matatu: habari za asubuhi, stesheni iko wapi, na supu hii ni baridi. Inatosha. Mengine nitamalizia kwa mikono. Wataliano wenyewe nasikia ndivyo wanavyofanya.

Kuna tatizo moja. Ba.

Mama yangu alipofika London alimsemesha kila mtu kwa Kiswahili. Kwa akili yake, ndani ya nyumba ni Kigujarati na nje ya mlango ni Kiswahili. Dunia imepangwa hivyo tangu azaliwe. Alimwambia muuza maziwa: “Leo lete mbili, kesho lete moja.” Alimwambia daktari: “Hii goti nauma sana, baba.” Akamuuliza konda wa basi kama watoto wake hawajambo. Hakuna aliyemjibu. Na mimi, kila mara, nilikuwa pembeni namvuta sari anyamaze.

Basi akanyamaza. Kwanza barabarani, halafu dukani, halafu hata mlangoni hashuki. Hukaa dirishani juu, akitazama mapaa ya watu. Daktari kamwambia Indu kwamba Ba haumwi chochote.

Indu kashikilia Ba lazima aende. Kasema mtu aliyekulia mbele ya mlima hawezi kuishi kwa kutazama mabomba ya moshi. Yeye atabaki na watoto. Nimekubali, ila kwa sharti. Nilipanda juu nikamwambia Ba asiseme neno na mtu yeyote njiani. Asije akaniaibisha mbele ya Gurmit kwa kumuagiza Mtaliano maziwa.

Ba akasema haya. Mara moja, bila kubisha.

Afadhali angebisha.

Jumatatu, 26 Agosti. Ndani ya basi, Italia.

Tumevuka bahari jana. Ba kakaa kiti cha dirishani, mfuko wa chapati za methi, majani ya uwatu, na chupa ya achari mapajani, kimya kama alivyoahidi. Akina mama wenzake wanampitishia chevda ya kutafuna, anachukua, anashukuru kwa kichwa.

Leo Gurmit kanitega. Tulisimama penye pampu ya petroli, na yeye, mbele ya wote, akaniomba nimuulize mwenyeji mmoja pale choo kiko wapi, akina mama wanahitaji. Nilikunja mikono ya shati. Nikamuuliza mwenyeji, kwa sauti nzito, stesheni iko wapi. Akaeleza kwa mikono yote miwili. Nikageuka nikamwambia dereva afuate kushoto, halafu kulia.

Tumeona stesheni ya treni nzuri sana. Ina saa kubwa na maua. Choo kilikuwamo! Nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo, vyoo vya pampu ni vichafu. Mzee Shiraz akanisifu mbele ya watu. Gurmit alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatafuna kiazi chake.

Jumanne, 27 Agosti. Chini ya Montalvaro.

Sikutaka kuandika leo kwa sababu sina la kujisifia. Lakini nimeuona.

Basi lilikata kona katikati ya mizeituni, na mji ukawa juu yetu. Nilidhani ni jabali. Kisha nikaona jabali lina madirisha. Nguo zimeanikwa. Nyumba zimeota juu ya nyumba, mawe rangi ya mkate, mpaka kileleni penye mnara, na kengele ikaanza kulia wakati uleule. Basi zima likawa kimya. Watu ambao tangu London walikuwa wakigombania dirisha! Mzee Shiraz akavua kofia.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema pale. Sikuyasema. Niliona ni makosa kusema.

Nilimwangalia Ba. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo.

Dereva wetu anasema basi haliwezi kupanda, vichochoro ni vyembamba. Kesho tutachukuliwa na trekta jekundu lenye matela matatu ya viti. Mwenye trekta ndiye mwenyeji. Anaitwa Ottavio. Nimemwona kwa mbali akifunga bolti. Mzee, mrefu, masikio makubwa. Anaonekana mtu asiyejua kitu. Vizuri.

Jumatano, 28 Agosti.

Maskini mimi! Lakini niende kwa utaratibu.

Asubuhi tulipanda matelani. Kwa ajili ya goti, Ba akawekwa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa Ottavio. Mimi nikasimama tela la kwanza, nimeshika nguzo, tai shingoni. Nikamsalimia Ottavio habari za asubuhi. Akaitikia. Watu wakapeana macho. Mwanzo mwema!

Kituo cha kwanza, lango la mji. Lango gani lile! Mawe makubwa kuliko tela letu, yamepangwa bila udongo wala saruji, na chini, sakafuni, mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni ya watu waliokufa kabla dunia haijaanza kuhesabu miaka yake. Trekta lilipita humohumo. Nilisikia gurudumu likiingia kwenye mfereji na kutulia, nikasisimka mwili mzima.

Ottavio akaeleza kwa Kitaliano, kirefu, akiushika ule ukuta kwa mkono. Alipomaliza, nyuso zote zikanigeukia. Nikasema, kwa Kiswahili cha kutosha kufika tela la tatu, kwamba lango hili lilijengwa na mfalme kwa ajili ya harusi ya binti yake, na mahari ilikuwa ng'ombe mia tano na wapishi wao.

Akina mama wakashangaa. Niliona masikio ya Ottavio yamecheza. Nikadhani ni inzi.

Trekta likapanda. Kuta zikatukaribia mpaka ungeweza kuchuma maua ya dirishani kwa watu. Bibi mmoja alikuwa akimenya maharage kizingitini, akainua miguu tupite, akaishusha. Kanisa likatokea kona isiyotarajiwa, mlango wazi, na ndani, gizani, dhahabu. Sijui niandikeje. Miaka elfu watu wameishi juu ya jiwe hili na hakuna aliyewaambia waondoke! Hilo ndilo lililonipiga zaidi ya dhahabu.

Kisimani nikapata nguvu mpya. Kisima ni kirefu, ukitupa jiwe unaweza kusubiri ukazeeka. Ottavio safari hii alisema maneno machache tu, sauti yake imebadilika, kama mtu aliyekabwa na chakula. Mimi nikatafsiri kwamba kisima kilichimbwa na fundi mmoja Patel, aliyekuja kwa meli kutoka Porbandar, akamwoa binti wa sultani wa hapa, na mpaka leo wenyeji wenye pua ndefu ni wajukuu zake.

Shangwe! Mzee Shiraz alipiga makofi. Gurmit akauliza, kwa upole wa nyoka, inakuwaje pale langoni mzee alisema sana na mimi nikatafsiri kidogo, na hapa kasema kidogo na mimi nimefika Porbandar. Nikamjibu kwamba Kitaliano ni lugha ya kukunjwa na kukunjuliwa.

Mgongo wa Ottavio ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni trekta.

Halafu ile kona. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. Trekta likanguruma, tela letu likayumba kuelekea hewani, akina mama wakaita miungu yao yote. Na Ba, ambaye hajasema na mgeni tangu mwaka juzi, Ba ambaye aliniahidi, akainama mbele akampiga Ottavio begani, vilevile alivyokuwa akiwapiga madereva wa lori la baba.

“Polepole, baba. Kichwa nazunguka.”

Nilifumba macho kwa aibu. Na humo gizani nikasikia sauti nzito ikijibu:

“Pole, mama. Hii kona iko mbaya. Mimi nakwenda polepole, hapana ogopa.”

Nikafumbua macho. Trekta lilikuwa limesimama. Ottavio kageuka, machozi yanamshuka kwenye mikunjo ya mashavu, na anacheka. Kicheko na machozi kwa pamoja, sijawahi kuona mwanamume akifanya hivyo hadharani.

Tela zima lilikodoa macho.

Ba peke yake hakushangaa hata kidogo. Kwake hivyo ndivyo dunia ilivyotakiwa kuwa siku zote. Mtu wa nje kasemeshwa, mtu wa nje kajibu. Akamuuliza hajambo, watoto hawajambo, na kwa nini trekta lake linavuja mafuta.

Ottavio akaeleza. Alikuwa mateka. Miaka mitano, kambini Gilgil, kisha kwenye barabara ya bondeni, akivunja mawe. Kiswahili alijifunza kwa vibarua na wapishi. Tangu arudi hajapata mtu wa kusema naye. Mke wake alikataa kujifunza. Ottavio alisema alipotusikia langoni alidhani jua limempiga. Kisha akataka kusema lakini koo likakataa. Na baadaye, akasema akinitazama, alinyamaza kwa makusudi, kwa sababu alitaka sana kujua mambo ya fundi Patel yangeishia wapi.

Gurmit! Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile. Akamuuliza Ottavio, kwa heshima kubwa, kisima kilichimbwa na nani. Ottavio akasema kilichimbwa na wenyeji wakati mji ulipozingirwa na maadui, wakachimba mwaka baada ya mwaka wakiwa na kiu. Habari za Patel hakuwahi kuzisikia, lakini atamuuliza padri. Gurmit akauliza tena, je, anamkumbuka mtoto wa Kihindi aliyefundishwa Kitaliano na mateka? Ottavio akanipima kwa macho kutoka viatu mpaka tai. Akasema kama ni kweli, basi mwalimu wangu alikuwa mwizi.

Walicheka mpaka tela likayumba upya. Nilitamani kisima.

Tukafika juu kabisa, kwenye ukuta wa mwisho. Tukashuka. Na hapa nataka kuandika vizuri.

Mbele yetu bonde. Lote, kwa pumzi moja! Mashamba madogo kama viraka, moshi wa mtu anayechoma majani, kivuli cha wingu kinatambaa, na mbali kabisa, milima ya bluu. Nilikuwa nimewahi kusimama hivi. Pale ukingoni mwa bonde la kwetu, njia ya kwenda Naivasha, lori la baba likipoza injini na sisi tukinunua plamu. Miguu yangu ilikumbuka kabla yangu. Nyuma yangu akina mama hawakuwa wakicheka tena. Hakuna aliyetaja Nakuru. Hapakuwa na haja.

Ottavio akasema kule ukingoni, kila jioni wakimaliza kuvunja mawe, alikuwa akisimama vivi hivi na kujiambia yuko hapa, kwenye ukuta huu. Na sasa, akizeeka, husimama kwenye ukuta huu akajiambia yuko kule. Akatikisa kichwa kwa ujinga wake.

Halafu akauliza kama kile kikanisa kidogo walichojenga kando ya barabara bado kipo. Wote wakanitazama mimi, bingwa wa mateka. Sikuwa na uongo uliobaki. Nikasema kipo, ama kilikuwapo tulipoondoka. Nikasema nikiwa mdogo mvua ilitukamata na lori, tukajikinga humo mimi na baba. Kuna picha za rangi ukutani. Na paa lilikuwa likivuja, maji yakaniingia shingoni mpaka kiunoni.

Ottavio akasema paa aliliezeka yeye. Akaniomba radhi. Kwa dhati kabisa, mkono kifuani, kama vile ningali nimelowa.

Nikamwambia hapana neno, mzee. Gurmit akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Ba alikuwa amekaa juu ya ukuta, sari inapeperuka, anammegea Ottavio chapati ya methi na kumwonya achari ni kali. Ottavio hakusikia onyo. Alikohoa mpaka kengele zikalia. Ba alicheka! Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani.

Ijumaa, 30 Agosti. Njiani kurudi.

Ba hajanyamaza tangu Montalvaro. Anamfundisha dereva wa basi, Mwingereza wa Luton, namna ya kukata kona. Kwa Kiswahili. Dereva anatii.

Gurmit kaniletea chai kwenye chupa yake. Kaniuliza kwa siri, kitovu cha sultani wa Montalvaro kilizikwa wapi. Chai niliinywa yote.

Nimeazimia, mbele ya Mungu na mbele ya shajara hii, kutosema uongo tena.

Jumatatu, 9 Septemba. Kingsbury.

Jana ulikuwa uchaguzi. Katibu: Gurmit. Mkalimani wa safari ijayo, Hispania: Ba. Ndiyo, Ba! Mzee Shiraz alisema katika chama kizima ndiye pekee aliyemsemesha mgeni na kupata jibu. Wote mikono juu. Mimi nimepewa usimamizi wa mizigo.

Asubuhi hii Ba alishuka mlangoni mwenyewe. Nilimsikia akimwambia muuza maziwa leo alete mbili, kesho moja. Kisha akamsimamisha pale pale kizingitini akamfundisha jibu, akarudia na kurudia, mpaka yule kijana akatamka: “Ndiyo, mama.” Niliganda ngazini na kiatu kimoja mkononi. Sikumvuta mtu sari. Moyo ulinijaa, naandika wazi.

Lakini mizigo! Mimi, mtoto wa duka la pembeni, nibebe masanduku ya Gurmit mpaka Hispania?

Nimefikiri ndani ya treni mpaka Stratford na nimepata njia. Nimekumbuka kwamba Nakuru kulikuwa na mtawa wa Kihispania. Kama hakuwapo, angeweza kuwapo. Huyo ndiye aliyenifundisha lugha yake nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilipomaliza Kitaliano. Ninachohitaji ni ruhusa ya wiki moja kazini, niende Hispania peke yangu kabla yao, nikaikariri njia na kila kisima. Nitamwambia bosi kwamba Ba ni mahututi, hatoki kitandani, hasemi na mtu. Mzee Shiraz, akipigiwa simu kuulizwa, athibitishe. Kesho nitampigia kutoka mezani kwangu nimpange hatua kwa hatua. Kwa Kiswahili, bila hata kushusha sauti. Stratford nzima nani atajua?

Meza ya bosi inatazamana na yangu. Ni mgeni, kaanza wiki iliyopita. Mtu mpole sana. Leo nilipokuwa nikimsimulia Indu mambo kwa simu kwa Kigujarati alikuwa akijaza karatasi zake, lakini nilipompigia Gurmit kumtukana kwa Kiswahili aliacha kalamu akatabasamu ndani ya kikombe chake muda wote. Nadhani anapenda mlio wa lugha. Jina lake Bwana Vuai. Mfaransa, bila shaka. Alinionjesha halua aliyoletewa na dada yake, tamu, ina iliki na kungumanga. Sikujua kama Wafaransa nao wanaipika.